Farasi anakula mavi: angalia umri kwanza, halafu angalia hori

Unaingia bandani asubuhi unamkuta mtoto wa farasi, hata wiki mbili hajamaliza, kainamisha kichwa anatafuna mavi ya mama yake, tena mabichi bado yanatoa mvuke, na wala hana wasiwasi. Au ni farasi mkubwa, mzima kabisa, kamaliza chakula chake na sasa anachambua rundo la jana usiku. Ukiona hivyo usikimbilie dawa wala fimbo. Jiulize kitu kimoja tu: ana umri gani?

Maana jibu ni tofauti kabisa. Mtoto mwache, anafanya kazi yake. Mkubwa kuna kitu anakosa, na mara nyingi sana hicho kitu ni majani. Shida ni kwamba watu wanafanya kinyume, mtoto anafungwa mdomo na banda linamwagiwa dawa ya kuua vijidudu kila siku, halafu yule mkubwa ambaye ndo ana tatizo anaambiwa ah huyo ndo tabia yake.

Kama ni mtoto

Wanaanza mapema, wengi ndani ya wiki ya kwanza au ya pili, na miezi miwili ya mwanzo ndo wanakula zaidi. Halafu inapungua yenyewe bila wewe kufanya chochote, akifika umri wa kuachishwa ziwa, miezi minne mpaka sita, anakuwa ameacha au karibu ameacha. Ukimwangalia vizuri utaona pia kwamba hachukui mavi ya farasi yeyote tu, anachagua, anataka ya mama yake na anataka mabichi. Mama akimaliza tu kunya mtoto anasogea, ananusa, anachukua donge moja mawili, anarudi kunyonya au kulala. Ndo hivyo tu.

Sababu kubwa iko tumboni. Farasi hacheui kama ng'ombe, tumbo lake ni moja na ni dogo, kazi yote ya kuvunja majani magumu inafanyika huko nyuma, kwenye mfuko mkubwa ulio mwanzoni mwa utumbo mpana, unabeba kama lita 30 hivi kwa farasi mkubwa, na kwenye utumbo mpana wenyewe. Na anayevunja sio farasi, ni vijidudu: bakteria, protozoa, fangasi. Sasa mtoto anazaliwa tumbo halina hao wafanyakazi. Kwa maziwa hawahitaji sana, ila siku chache tu utamwona anachezea majani, na kufika miezi miwili mitatu anayategemea kweli kwa sababu maziwa ya mama yanaanza kupungua. Vijidudu atavitoa wapi? Kwa mama, njia ya haraka ni ile aliyoiona. Tembo wadogo nao wanafanya hivyohivyo, kwa hiyo wa kwako hana uchafu wowote wa ajabu.

Kuna watafiti wanasema pia kwamba mavi ya mama yana asidi ya nyongo, inaitwa asidi deoksikoliki, ambayo mtoto bado hana ya kutosha na huenda inamsaidia kulinda utumbo. Hilo ni wazo tu, lakini suala la vijidudu peke yake linatosha kukufanya umwache ale.

Kazi yako basi sio kumzuia, ni kuhakikisha anachokula hakina balaa ndani. Hapo kuna mambo ya kufanya.

La kwanza ni minyoo, na hapa watu wanachanganya. Mavi mabichi yenyewe sio hatari sana kwa minyoo kama watu wanavyodhani, kwa sababu mayai yakitoka leo bado hayajaiva. Minyoo midogo ile ya kwenye utumbo mpana, mayai yake lazima yaanguliwe, viluwiluwi vikue, ndo vipande kwenye majani, na hata kwenye joto na unyevu mzuri inachukua kama wiki. Ile minyoo mikubwa mieupe inayosumbua watoto, yai lake linahitaji kama wiki mbili nje ndo liweze kumwambukiza farasi, lakini likishaiva linakaa ardhini miaka. Kwa hiyo hatari iko kwenye mavi ya juzi na majani yaliyoota pembeni yake. Ondoa ya zamani, acha mabichi. Bandani zoa kila siku, kwenye malisho okota angalau mara mbili kwa wiki, usilimbikize. Na usiyasambaze kwenye eneo ambalo mtoto analishia ukidhani unarutubisha majani, hapo unamtandikia minyoo.

Mama naye mwangalie. Kuna mnyoo mwembamba unapita kwenye maziwa kabisa, sio kwenye mavi, na ndo maana madaktari wengi wanampa mama dawa ya minyoo karibu na siku ya kuzaa. Ipi na dozi gani muulize daktari wa mifugo, usikadirie kwa macho, dozi pungufu inafundisha minyoo kuzoea dawa.

La pili ni dawa nyingine. Kama mama yuko kwenye antibayotiki, au anaharisha, au kuna farasi bandani ameshapimwa akakutwa na salmonela, yaani bakteria wanaoleta kuharisha, hapo ndo unaondoa mavi harakaharaka na kumuuliza daktari kama mtoto aendelee kula. Na kuna kitu wengi hawakijui: inaweza kwenda kinyume, toka kwa mtoto kwenda kwa mama. Watoto wenye ugonjwa fulani wa mapafu wanatibiwa na antibayotiki inaitwa erithromaisini, na imeshaonekana mama akimeza kidogo tu ya dawa hiyo kupitia kinyesi cha mtoto anapata kuharisha kubaya sana, wengine wanakufa. Kwa hiyo mtoto akiwa kwenye dawa hiyo safisha kinyesi chake papo hapo na mfute mdomo baada ya kumpa dozi.

Mtoto akiharisha je?

Hapa lazima nikae kidogo, maana mtu anaona mtoto kala mavi Jumatatu, Alhamisi anaharisha, anaunganisha mambo. Watoto wengi wa farasi wanaharisha kidogo kati ya siku ya 5 na ya 14. Inaangukia wakati mama anaingia joto, yaani anataka dume, mara ya kwanza baada ya kuzaa, kwa hiyo watu wanalaumu joto la mama au maziwa, lakini inahusishwa zaidi na tumbo kubadilika wakati vijidudu vinaingia na kupanga makazi. Kuharisha kwa aina hiyo mtoto anabaki mchangamfu, ananyonya, anarukaruka, hana homa. Mwoshe matako na maji ya uvuguvugu, mkaushe, mpake vaselini ngozi isiungue, subiri siku chache.

Isiyo ya kawaida utaijua hivi. Pima joto la mwili kwenye njia ya haja kubwa, kawaida ya mtoto ni kama nyuzi 37.2 mpaka 38.9, ikizidi hapo ni homa. Halafu muangalie mama, sio mtoto. Shika kiwele. Mtoto anayenyonya vizuri anakiacha laini, kila mara kimenyonywa, sasa ukikuta kimejaa kigumu na maziwa yanadondoka yenyewe, mtoto hanyonyi hata kama kasimama pale pale. Na muangalie mtoto usoni, ukikuta maziwa yamekauka kwenye paji la uso na pua, ina maana anaenda chini ya mama, anasimama tu, maziwa yanamdondokea kichwani na yeye hana nguvu au hamu ya kunyonya. Hiyo ni dalili unaiona kabla hata hajalala chini. Ukiona hivyo, au kuharisha maji matupu, au tumbo limevimba, au anajiviringisha chali, piga simu saa hiyohiyo, mtoto wa farasi anaishiwa maji haraka na kesho inaweza kuwa mbali.

Mtoto yatima

Aliyefiwa na mama au aliyekataliwa hana pa kupata hizo mbegu za tumbo. Tafuta farasi mkubwa mwenye afya, hajatumia antibayotiki karibuni, kinyesi chake kimepimwa minyoo, na daktari akubali. Chukua donge moja mawili mabichi uweke kwenye banda la mtoto, basi, usimlishe kwa nguvu wala kumchanganyia kwenye chupa ya maziwa. Akitaka atakula, asipotaka siku hiyo ondoa yakizeeka.

Kama ni mkubwa

Sasa hapa ndo kazi. Farasi mkubwa aliyeachiwa malisho mazuri siku nzima kwa kawaida hali mavi, kwanza hata majani yaliyoota karibu na mavi anayakwepa. Sehemu anazokunya anazitenga na anazolisha, utaona malisho ya farasi yana mabaka ya majani marefu hayajaguswa. Mnyama mwenye tabia hiyo akianza kula mavi kuna sababu.

Farasi akiwa huru analisha mpaka masaa 16 kwa siku. Tumbo lake linatoa asidi muda wote, ale asile, lakini mate ya kupunguza hiyo asidi yanatoka akitafuna tu. Sasa wewe unampa kifungu cha nyasi saa moja asubuhi, kingine saa kumi na mbili jioni, kila kimoja anakimaliza ndani ya masaa mawili matatu, anabaki na masaa kibao hori tupu na mdomo unataka kazi. Atatafuna mlango, atakula matandiko, atakula mavi, ambayo ukiyafungua donge na mkono utaona ni nyuzinyuzi za majani tu bado zipo. Kwake hicho ni chakula kilichobaki.

Kwa hiyo kabla ya kufikiria ugonjwa wowote, pima. Sio kukisia, pima kabisa, maana neno "namlisha vya kutosha" kila mtu analisema.

Chukua kamba ya kupimia nguo. Zungusha kifua nyuma tu ya miguu ya mbele, juu ipite nyuma ya lile nundu la mabega, soma akiwa ametoa pumzi. Halafu pima urefu toka ncha ya bega mbele mpaka ncha ya tako. Zote kwa sentimita. Kipimo cha kifua zidisha kwa chenyewe, zidisha na urefu, gawanya kwa 11,880, unapata kilo kwa makadirio. Mfano kifua 170, urefu 155, inatoka kama kilo 377. (Hii ni kwa farasi mkubwa, usiitumie kwa mtoto wala jike mwenye mimba kubwa.)

Sasa majani. Farasi anahitaji majani yenye uzito mkavu kama asilimia 2 ya uzito wake kwa siku, na asilimia 1.5 ndo mstari wa chini usishuke bila daktari. Kwa huyo wa kilo 377 ni kama kilo 7 na nusu za ukavu, na kwa sababu nyasi kavu bado zina maji kidogo ndani, kwenye mizani utaning'iniza karibu kilo 8 na nusu. Nunua mzani wa kuning'iniza ule wa ndoano, weka nyasi kwenye wavu au gunia, ning'iniza, soma. Nakuhakikishia wengi wakipima mara ya kwanza wanakuta wanatoa karibu nusu ya walichodhani, kwa sababu kifungu kikubwa kinaweza kuwa kimefumuka tu ndani hewa.

Ukikuta ni pungufu ongeza polepole, wiki moja mpaka siku kumi, usimwagie zote leo ukamletea msokoto wa tumbo, na kumbuka farasi hawezi kutapika, kikiingia kimeingia. Gawa mara tatu nne kwa siku, na fungu kubwa kuliko yote liwe la usiku maana usiku ndo mrefu na ndo watu wamelala. Kama ni mnene na yuko kwenye kupunguzwa uzito, usitatue kwa kumnyima, tumia wavu wenye matundu madogo ili kiasi kilekile akitafune masaa mengi. Farasi wa dayati ndo wala mavi wakubwa na wenye farasi wanashangaa kwa nini.

Nafaka ndo upande wa pili wa jambo hilohilo. Farasi wanaolishwa nafaka nyingi na majani kidogo wameonekana wakila mavi na kutafuna mbao zaidi, na ukipima huko tumbo la nyuma asidi imepanda. Wanga ukizidi unapita bila kusagwa mbele, unafika kwa vijidudu, wale wazuri wanaumia. Kwa hiyo kama anapata ndoo mbili za nafaka na kifungu kimoja cha nyasi, geuza.

Majani yanatosha na bado anakula? Angalia ubora. Nyasi zilizokatwa zikiwa zimezeeka, mabua manene yanavunjika kama vijiti, hazina harufu, hizo zinajaza tumbo lakini protini hamna, na upungufu wa protini unajulikana kabisa kusababisha farasi mkubwa kula mavi. Muangalie mgongoni, nyama za pembeni ya uti zimeisha na tumbo linaning'inia kubwa, watu wanasema kashiba, kumbe kajaa mabua. Anayenyonyesha na anayekua ndo wanaumia zaidi. Badilisha nyasi, au changanya kiasi na alfalfa, majani ya malisho yenye protini nyingi.

Chumvi rahisi, weka jiwe la kulamba muda wote, au mpe gramu 25 hadi 30 za chumvi ya kawaida kwa siku kwa farasi wa kilo 500. Maji safi yawepo wakati wote, anakunywa lita 25 mpaka 45 na zaidi kukiwa na joto au akinyonyesha. Meno yaangaliwe angalau mara moja kwa mwaka, mzee asiyeweza kutafuna anatema vibonge vya nyasi na kubaki na njaa hori likiwa limejaa. Minyoo, peleka kinyesi maabara wahesabu mayai kabla ya kumwaga dawa. Na upweke nao usiudharau, farasi ni mnyama wa kundi, aliyefungiwa peke yake masaa 22 atatafuta cha kufanya na mara nyingi hutapenda atakachokipata.

Kwenye mchanga fanya jaribio hili

Hatari moja ya kweli ya mkubwa kula mavi kutoka chini sio mavi, ni mchanga anaoumeza nayo. Unatulia huko kwenye utumbo mpana, unakusanyika, unaleta kuharisha kusikokwisha au msokoto. Kupima: okota madonge kama sita yaliyodondoka sasa hivi, chukua ya juu tu yasiyogusa ardhi, tumbukiza kwenye glovu ndefu ya plastiki au mfuko unaoona ndani, jaza maji, vunjavunja na vidole, ning'iniza vidole vya glovu vikiangalia chini, subiri robo saa. Papasa ncha za vidole. Ukihisi chengachenga imekaa pale kama kijiko cha chai au zaidi, farasi anakula mchanga, ongea na daktari na acha kumwekea nyasi chini, weka kwenye hori au juu ya mpira. Glovu ikiwa safi usijipongeze moja kwa moja, mchanga unaweza kuwa umekaa ndani hautoki, rudia wiki ijayo.

Mavi ya kuku ni habari nyingine

Kama farasi wako anafika kwenye banda la kuku au kuna mtu anamwaga matandiko ya kuku shambani kama mbolea, zuia leo. Chakula cha kuku mara nyingi kinawekwa dawa za kuzuia koksidia, vimelea vya kwenye utumbo wa kuku, mojawapo ni monensini, inapita mpaka kwenye mavi, kuku haimsumbui lakini farasi inamharibu moyo, na hakuna dawa ya kuigeuza. Kiasi kidogo kinatosha kumuua. Ongeza kwamba matandiko hayo yakiwa na kuku waliokufa humo yanaweza kubeba sumu ya botulizimu, inayotoka kwa bakteria na kupoozesha misuli. Hapo hakuna cha kumwachia ajaribu.

Na mbwa nao, kwa kuwa tuko hapohapo: ukimpa farasi aivamektini, dawa ya minyoo, inatoka kwenye mavi siku kadhaa, na kuna mbwa, hasa wa jamii ya koli (mbwa wa kuchunga kondoo), hawaivumilii kabisa. Wafungie mbwa, zoa mavi.

Vitu vya kutofanya

Kupaka pilipili kwenye mavi, sijui nani alianzisha, unakuwa unapaka mara nane mpaka kumi na mbili kwa siku maana ndo anavyokunya. Kumpiga, hajui unampigia nini. Kumfunga kikapu cha mdomo mkubwa wa njaa unamwongezea njaa, na mtoto usimfunge kabisa, atanyonyaje? Halafu unga wa vitamini na madini wa kila rangi, mi naona ni kitu cha mwisho kununua, ukishapima majani, ukishaangalia nafaka, na daktari akiona kwenye vipimo kuna kinachokosekana kweli.

Baada ya kurekebisha lishe mpe wiki tatu nne. Wengi wanapunguza ndani ya muda huo, sio kwa siku mbili. Akiendelea palepale, au anakonda, au koti limepoteza mng'ao, au ameanza kula na udongo na mbao pia, hapo ni vipimo vya damu na kinyesi. Mtoto aliyepita miezi sita na bado anakula kila siku naye mhesabu kama mkubwa, anza na mzani wa nyasi. Ila kuna wachache utawapimia kila kitu, wako vizuri, uzito mzuri, wanang'aa, na bado kila siku wanachukua donge moja, hao zoa asubuhi na jioni uendelee na kazi zako.